"Mshipa umeziba": kisa cha mzazi wa siku tisa

Mara mbili ndani ya wiki tatu, familia moja iliambiwa maneno yale yale: mshipa umeziba. Mara ya kwanza yalisemwa zahanati, siku ya 9 baada ya mama kujifungua kwa upasuaji. Mara ya pili yalisemwa hospitali ya rufaa siku ya kuruhusiwa, na safari hii yaliandikwa kwenye kadi, chini ya herufi DVT na PE, vifupisho vya damu iliyoganda ndani ya mguu na kipande chake kilichokwama mapafuni. Hakuna aliyesema uongo. Lakini maneno hayo hayakutosha, na mara ya kwanza upungufu wake nusura ugharimu uhai wa mtu.

Mgonjwa wa kisa hiki hana jina. Tumemjenga kutokana na mtiririko ambao wauguzi na madaktari wa wodi za wazazi wanaufahamu vizuri, na vipimo vyake tumeviweka vile vinavyokutwa kwa kawaida, ili msomaji aweze kufuata hesabu.

Ana miaka 31, uzito kilo 72, na huu ni uzao wake wa pili. Alifanyiwa upasuaji wa dharura baada ya uchungu wa muda mrefu. Kwa sababu ya maumivu ya kidonda alilala siku tatu bila kushuka kitandani isipokuwa kwenda chooni. Siku ya 4 akaruhusiwa kurudi nyumbani, Singida, na mama mkwe akaishika arobaini kama inavyoshikwa: uji wa pilipili manga, tumbo kufungwa kanga, maji ya moto asubuhi na jioni, na mzazi asiguse kazi. Siku ya 7 kigimbi cha mguu wa kushoto kikaanza kuvuta, kama mtu aliyeshikwa na msuli usiku. Siku ya 9 mguu ulikuwa umevimba hadi pajani.

Zahanati walipokelewa vizuri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu huyu mguu umemjaa, tangu juzi halali."

Muuguzi aliutazama mguu, akaubonyeza, akasema inaonekana mshipa umeziba, akatoa vidonge vya maumivu na kushauri waende hospitali kubwa "wakipata nafasi". Mama mkwe alisikia neno mshipa, na mshipa anaujua. Usiku ule alimchua mkwe wake mguu kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto, kutoka kifundoni kupanda juu, kwa nguvu, mara mbili. Jirani naye alisikia neno kuziba, akaleta chupa ya kitunguu saumu na limau vilivyochemshwa pamoja, dawa ya kuzibua mishipa.

Wote wawili walitenda sawasawa na maneno waliyopewa. Ndiyo maana kabla ya kuingia wodini inabidi tukae na maneno hayo kidogo.

Mshipa, katika Kiswahili cha kila siku, ni vitu vingi. Ni bomba la damu. Ni neva: mtu mwenye ganzi atasema mshipa umebanwa. Ni kano: aliyeteguka atasema mshipa umejikunja. Na kwa wazee wengi, hasa pwani, mshipa ni ngiri. Ukimwambia mtu aliyekulia ndani ya lugha hii kwamba mguu unauma kwa sababu ya mshipa, mkono wake unakwenda kwenye mafuta wenyewe, kwa kuwa mishipa mitatu kati ya hiyo minne imekuwa ikichuliwa tangu zamani. Hata tukibaki kwenye mabomba ya damu peke yake, bado yako ya aina mbili. Ateri hupeleka damu kutoka moyoni, vena huirudisha. Ateri ya mguu ikiziba, mguu hupoa, hupauka, mapigo ya juu ya unyayo hupotea, na saa zinahesabika kabla nyama haijafa. Vena ikiziba, damu inaingia lakini haitoki: mguu hujaa, hupata joto, huwa mwekundu au wa zambarau, na mapigo ya unyayo yapo. Magonjwa hayo hayafanani, na dawa zake pia zinatofautiana.

Kuziba nako kuna namna zake. Madaktari wa Ulaya waliyachota maneno yao jikoni na karakana, na mtu akijua maana za asili hayasahau tena. Thrombosi inatoka kwenye neno la Kigiriki lililomaanisha bonge, donge la damu au la maziwa yaliyoganda. Mswahili anayekunywa mgando anaijua sura yake. Ni kuganda kwa damu palepale, ndani ya mshipa, wakati mtu yu hai. Atheroma ni uji, tena uji mzito: ni mafuta yanayojijenga taratibu kwenye ukuta wa ateri kwa miaka. Infaksheni inatokana na neno la Kilatini la kushindilia, kama unavyoshindilia pamba kwenye mto, na leo inamaanisha nyama iliyokufa kwa kukosa damu. Ya moyo ndiyo watu huiita shambulio la moyo.

Embolia ndiyo neno lenye safari. Mzizi wake ni kitu kilichopachikwa kati: kabari, kizibo, hata pembe ya mbele ya merikebu ya vita iliyochomekwa ubavuni mwa merikebu nyingine. Kabla halijafika hospitali lilikuwa neno la kalenda. Mwezi wa nyongeza unaochomekwa ili miezi ya mwandamo ilingane na jua, kama kalenda ya Kiyahudi inavyofanya mara 7 katika kila miaka 19, huitwa kwa jina hilo. Kalenda ya Hijria haina nyongeza hiyo, na ndiyo sababu Ramadhani hurudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka. Kanisa Katoliki nalo linaliita hivyo hivyo lile ombi ambalo padri hulisali peke yake baada ya Baba Yetu, kabla ya waumini kuitikia: sala iliyopachikwa kati. Ukikutana na neno hili kwenye kamusi kubwa na ukaona maana tatu zisizohusiana, sivyo. Ni maana moja: kitu kilichotoka kwingine kikachomekwa hapa.

Rudolf Virchow, daktari wa Kijerumani aliyefanya kazi hospitali ya Charité mjini Berlin, ndiye aliyelitia neno hili kwenye tiba katika miaka ya 1840. Wakati huo donge lililokutwa kwenye mapafu ya maiti lilidhaniwa kuwa limezaliwa humo humo. Virchow alitazama madonge hayo akaona baadhi yana sura ya kuvunjika, na akakuta miguuni madonge yenye mwisho uliokatika. Akaingiza vipande vya mpira kwenye vena za shingo za mbwa, kisha akavikuta kwenye ateri za mapafu. Kwa hiyo akatenganisha maneno mawili: thrombosi ni kuganda mahali pake, embolia ni kuziba kwa kilichosafiri.

Basi mguu wa mama wa Singida ulikuwa na thrombosi ya vena ya ndani, ndiyo DVT ya kwenye kadi. Siku ile ya 9 palikuwa na donge moja, mahali pamoja. Embolia ilikuwa bado.

Na dalili zilikuwepo za kutosha kumtoa zahanati kwa gari siku hiyo hiyo. Hazihitaji mashine. Chukua futi ya fundi cherehani. Tafuta kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, teremka sentimita 10, weka alama kwa kalamu miguu yote miwili, kisha zungusha futi bila kuikaza. Mguu wa kulia ulikuwa sentimita 36.5, wa kushoto 41. Tofauti ya zaidi ya sentimita 3 ina uzito. Kidole kikibonyeza mbele ya mfupa kwa sekunde kumi na shimo likabaki upande mmoja tu, hilo ni la pili. Maumivu yanayofuata njia ya vena nyuma ya kigimbi hadi ndani ya paja, la tatu. Mguu wote kuvimba, la nne. Upasuaji mkubwa ndani ya wiki 12, la tano. Kwenye kipimo cha Wells, ambacho madaktari wengi wanakitumia, kila moja ya hizo ni alama 1, na alama 2 zinatosha kusema thrombosi ya vena inawezekana sana. Huyu alikuwa na 5. Kipimo hicho hakikutengenezwa kwa ajili ya wajawazito na wazazi, hivyo alama chache zisimpe mtu utulivu kwa mzazi. Alama nyingi kama hizi ni jambo lingine kabisa.

Kwa nini mguu wa kushoto? Ndani ya nyonga, ateri ya kulia hupita juu ya vena ya kushoto na kuikandamiza dhidi ya uti wa mgongo. Mimba ikiongeza uzito wake hapo, damu ya mguu wa kushoto inarudi kwa shida zaidi. Kwa hiyo mjamzito au mzazi akija na mguu wa kushoto uliovimba peke yake, usimpe maelezo ya "ni uvimbe wa kawaida wa mimba". Uvimbe wa kawaida haubagui mguu.

Kwa nini wakati ule? Damu huganda ndani ya mshipa kwa sababu tatu, na mara nyingi zinapokutana: damu kutuama, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kuwa na wepesi wa kuganda. Mwili wa mjamzito huiandaa damu igande upesi ili asife kwa kutokwa damu siku ya kujifungua, na maandalizi hayo hayaondoki mtoto akishatoka. Hatari iko juu kabisa katika wiki 6 za kwanza, tena zaidi zile za mwanzo. Wiki 6 ni siku 42. Arobaini ya bibi zetu na kipindi cha hatari cha hospitali vimekaa mahali pamoja karibu siku kwa siku. Mila iliona sawasawa kwamba mzazi bado hajatoka salama. Kasoro iko kwenye kumlaza. Uji aendelee kuunywa, kazi nzito asifanye, lakini atembee kuanzia siku ya kwanza baada ya upasuaji, hata kama ni kuzunguka kitanda mara kumi na kurudi. Huyu alilala siku tatu wodini na tano nyumbani.

Siku ya 11 familia ikapata hiyo nafasi. Dada wa mgonjwa yuko Dar es Salaam, hospitali kubwa ziko karibu, wakapanda basi. Saa 11 za kukaa, magoti yamekunjwa, mtoto mapajani. Usiku wa kuamkia siku ya 12, akiwa kwa dada yake, aliinuka kumnyonyesha mtoto akashindwa kupumua. Alisema kama amekimbia. Upande wa kulia wa kifua ulichoma kila alipovuta pumzi. Alikuwa na hofu ambayo hakuweza kuieleza, na madaktari wazoefu hawaidharau hofu hiyo.

Kilichotokea kinaweza kufuatwa kwa kidole. Kipande cha donge kimekatika kwenye vena ya paja. Kimeingia vena ya nyonga, kikapanda vena kubwa ya tumboni, kikaingia chumba cha juu cha kulia cha moyo, kikashuka cha chini cha kulia, kikasukumwa kwenye ateri ya mapafu. Hadi hapo njia ilikuwa inapanuka kila hatua, hivyo hakuna kilichokizuia. Ndani ya mapafu ateri zinagawanyika na kuwa nyembamba, na hapo kabari imekaa. Hewa inaingia mapafuni kama kawaida. Damu ndiyo haifiki kuichukua. Ndiyo maana mgonjwa anahema kwa nguvu na kifua kinasikika kisafi.

Je, kule kuchuliwa ndiko kulikokikata? Hakuna awezaye kuthibitisha. Madonge hukatika hata kwa mtu ambaye hajaguswa, na safari ya saa 11 nayo ina sehemu yake. Lakini kumchua mtu mwenye thrombosi ya vena ni kukamua bomba lenye donge bichi kuelekea moyoni, na imeshatokea watu wakapata embolia baada ya kuchuliwa. Mama mkwe hana kosa. Alipewa neno linalomaanisha chua, na hakuna aliyemwambia sentensi moja ya ziada: "Mama, msimchue wala msimkande mguu huu, kuna damu imeganda ndani, ikikatika itakwenda mapafuni."

Ndugu walimwahisha hospitali wakihofia kiharusi, kwa kuwa wengi wetu tumesikia kwamba damu iliyoganda "hupanda kichwani". Hapa kuna kanuni inayofaa kukaririwa. Donge linalotoka kwenye vena za miguu huishia mapafuni, kwa sababu mapafu ni chujio lililoko katikati ya moyo wa kulia na wa kushoto. Donge linalokwenda ubongoni, kwenye figo, utumbo au ateri ya mguu limetoka upande wa kushoto wa moyo au kwenye ateri kubwa: mtu mwenye mapigo yasiyo na mpangilio, au mwenye vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, ugonjwa ambao huku Afrika Mashariki bado unawafika vijana. Ipo njia ya mkato moja: takriban mtu 1 kati ya 4 amebaki na kijitundu kati ya vyumba vya juu vya moyo tangu tumboni, na mara chache donge la vena hupenya hapo likafika ubongoni. Na embolo, yaani kitu chenyewe kinachosafiri na kuziba, si lazima liwe damu. Mfupa wa paja ukivunjika, mafuta ya uboho huingia kwenye damu na kuziba vijishipa vya mapafu, kwa kawaida ndani ya saa 24 hadi 72. Hewa huziba. Maji ya uzazi yakiingia kwenye damu ya mama wakati wa kujifungua huleta janga lake, lenye jina hilo hilo la embolia. Kwa hiyo mtu akiandika neno hili bila kusema ni embolia ya nini na imetua wapi, ameandika nusu.

Mapokezi walimkuta na mapigo ya moyo 118 kwa dakika, pumzi 28, oksijeni asilimia 90, presha 112/70. Alama za Wells kwa mapafu zilikuwa: dalili za thrombosi mguuni 3, hakuna ugonjwa mwingine unaoelekea zaidi 3, mapigo kuzidi 100 ni 1.5, upasuaji ndani ya wiki 4 ni 1.5. Jumla 9, na kuzidi 4 ni kuelekea embolia. Kipimo cha damu cha D-dimer, kinachotafuta mabaki ya damu iliyoganda, hakikuchukuliwa, na hilo lilikuwa sahihi. Kazi yake ni kuondoa shaka kikiwa chini. Kwa mtu aliyetoka kujifungua na kupasuliwa juzi kitakuwa juu vyovyote vile, na alama 9 haziondolewi na kipimo cha damu. ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ilionyesha moyo kwenda mbio tu. Eksirei ya kifua ilikuwa karibu ya kawaida. Wengi hurudishwa nyumbani hapo. Eksirei safi kwa mtu anayehema hivi inapaswa kuongeza wasiwasi, kwa sababu nimonia ingeonekana.

Kilichofuata ni altrasaundi ya mguu, kipimo rahisi chenye ushahidi wa kuonekana kwa macho. Mpimaji huweka kifaa kwenye kinena. Kwenye skrini hutokea duara mbili nyeusi zilizo jirani: moja inadunda, hiyo ni ateri, nyingine imetulia, hiyo ni vena. Kisha hubonyeza. Vena isiyo na donge hujikunja na kuwa mstari, kama mrija wa juisi unaoubana kwa vidole, huku ateri ikibaki duara. Ya huyu mama haikujikunja. Ilibaki imejaa, na ndani yake palionekana kijivu kisichosogea. Kwa mtu mwenye dalili za mapafu, hiyo peke yake inatosha kuanza dawa hata mahali pasipo na CT, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa vipande. Hapa CT ilikuwepo: dawa ya rangi ilijaza ateri za mapafu zikawa nyeupe, na kwenye tawi la kulia palikuwa na kipande cheusi kimekaa katikati ya weupe. Dada yake aliuliza kama maziwa yamwagwe kwa sababu ya dawa ile. La. Kinachoingia kwenye maziwa ni kidogo mno, mtoto aliendelea kunyonya.

Maumivu yale ya kuchoma yalikuwa ya infaksheni ndogo pembeni mwa pafu. Embolia nyingi za mapafu haziui nyama ya pafu, kwa kuwa pafu lina njia mbili za damu. Zikiua, huleta maumivu ya namna hiyo, na wakati mwingine makohozi yenye damu.

Dawa ilikuwa inoksaparini, sindano ya jamii ya heparini inayozuia damu kuganda, mg 1 kwa kila kilo, kila saa 12, chini ya ngozi. Kilo 72 ni mg 72, ikakadiriwa 70, yaani 0.7 ml kutoka kwenye bomba la mg 80. Kabla yake zilichukuliwa picha ya damu nzima na kipimo cha figo, maana dawa hii hutolewa na figo. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hurudiwa kupimwa katikati ya siku ya 5 na 14, kwa sababu heparini kwa wachache huzishusha na kusababisha kuganda kupya.

Hapa neno jingine huharibu mambo. Dawa hizi huitwa "za kuyeyusha damu", na mgonjwa akiona siku ya 3 mguu bado umevimba husema haziyeyushi. Haziyeyushi kweli. Zinalizuia donge lisikue na zinazuia jipya. Kuliyeyusha ni kazi ya mwili wenyewe, kwa wiki na miezi. Dawa ya kuyeyusha ipo, alteplasi, mg 100 kwa saa 2, na huwekwa kwa yule ambaye namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 90 ikabaki hapo dakika 15 au zaidi, kwa kuwa huyo moyo wake wa kulia umeshindwa kusukuma. Kwa mama huyu, mwenye presha 112 na kidonda cha kizazi cha siku 12, ingemletea damu isiyozuilika. Kutompa haukuwa ubahili.

Sindano alifundishwa dada yake, kwa kuwa yeye ndiye angechoma nyumbani. Mgonjwa akae nusu amelala. Ngozi ya ubavu wa tumbo, sentimita 5 au zaidi kutoka kitovuni, mbali na kovu, finya mkunjo kwa vidole viwili na usiuachie. Sindano iingie wima, yote. Sukuma polepole, hesabu hadi kumi, toa, ndipo uachie mkunjo. Usisugue. Kusugua kunaacha bonge jeusi chini ya ngozi, na bonge hilo ndilo huwafanya ndugu waseme dawa imemdhuru. Sindano inayofuata hamia upande wa pili.

Warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, ilianza siku hiyo hiyo, mg 5 jioni. Na hapa ndipo familia nyingi hujikwaa, kwa sababu sindano ni ghali na kidonge ni rahisi: siku ya 3 huacha sindano, "si ameshaanza vidonge". Warfarini hushusha kwanza protini C, ambayo ni breki ya mwili dhidi ya kuganda, na hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili. Vigandishaji vyenyewe huchukua siku kadhaa kushuka. Kwa hiyo siku za mwanzo mtu wa warfarini peke yake anaweza kuganda zaidi. Sindano na vidonge huenda pamoja siku 5 kwa uchache, na mpaka INR, kipimo cha muda ambao damu inachukua kuganda, ifike 2 au zaidi na kubaki hapo kwa saa 24. Yeye alifika siku ya 7. Lengo ni kati ya 2 na 3. Warfarini haiingii kwenye maziwa kwa kiasi cha kumdhuru mtoto. Vidonge vipya kama rivaroksabani huepukwa kwa anayenyonyesha, ingawa havihitaji kupimwa INR.

Kisha akaruhusiwa, na kadi ikasema mshipa umeziba. Fikiria jirani yule na chupa yake. Kitunguu saumu hakijawahi kuondoa donge la vena, na kwa wingi, pamoja na warfarini, kinaongeza hatari ya kutokwa damu. Kadi ilipaswa kuandikwa hivi, na nafasi ingetosha:

"Damu iliganda kwenye vena ya ndani ya paja la kushoto (DVT). Kipande kikasafiri hadi ateri ya pafu la kulia (PE, embolia ya mapafu). Chanzo: uzazi na upasuaji. Mguu usichuliwe. Warfarini kila jioni saa ile ile, si chini ya miezi 3. INR kila wiki hadi itulie. Asimeze aspirini wala diklofenaki; kwa maumivu atumie paracetamol. Asinunue Flagyl wala Septrin bila kusema anatumia warfarini. Asitumie vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Arudi haraka: kukosa pumzi, choo cheusi, damu isiyokatika, kichwa kuuma ghafla."

Kuhusu mboga, wagonjwa huambiwa waache mchicha. Haifai. Vitamini K iliyomo kwenye mchicha, matembele, kisamvu na sukuma wiki hupunguza nguvu ya warfarini, lakini kipimo cha dawa hupangwa kwa mlo aliouzoea. Anayekula bakuli moja kila siku aendelee na bakuli moja. Tatizo ni anayekula wiki nzima kisha akaacha wiki nzima: INR yake hupanda na kushuka, na kliniki hubadilisha dozi ikifukuzana na mboga. Kidonge alichosahau na akakumbuka siku hiyo hiyo, ameze. Kikipita hadi kesho, aachane nacho, asimeze viwili.

Uzazi wa mpango ulihitaji mazungumzo kabla hajatoka wodini, kwa sababu warfarini katika miezi ya mwanzo ya mimba huharibu maumbile ya mtoto. Kitanzi au kijiti vinamfaa. Alichagua kijiti.

Mwezi wa 3 tofauti ya vigimbi ilikuwa sentimita 1. Mguu humjaa jioni akisimama sana, kwa kuwa donge lilipokuwa linaisha liliharibu vali za vena. Huuinua juu ya mto na hutembea asubuhi. Warfarini ikasimamishwa. Mimba ijayo atahitaji sindano za kinga, kwa uzito wake kwa kawaida mg 40 mara moja kwa siku, tangu mwanzo wa mimba hadi wiki 6 baada ya kujifungua. Atazipata ikiwa siku ya kwanza kliniki ataweza kumtajia mkunga kilichompata. Mama mkwe wake sasa analijua jina lenyewe. Akiulizwa, husema damu iliganda kwenye vena ya paja, kipande kikaenda mapafuni.